Kona ya Nyuma Kushoto

Soko la Suva siku ya Jumamosi halina pa kukanyaga. Salaseini alikuwa na fungu la dalo, magimbi ya huko Fiji, begani, gauni lake la maua limelowa mgongoni, anarudi kinyumenyume kumpisha mwenye mkokoteni. Akahepa kikapu cha kaa, akamkwepa mama na mwanawe, na shingo hakugeuza hata mara moja. Kijana mmoja mwembamba wa Kihindi, shati jeupe limepigwa pasi mpaka kwenye kola, akaacha kuchagua bilinganya.

"Dada, nani kakufundisha kutembea hivyo?"

"Na wewe nani kakufundisha kutazama miguu ya watu?"

Huyo ndiye Avinesh, kocha wa badminton, na huo sasa ni mwaka wa tatu. Wengine mapenzi yao huanzia machoni. Ya Salaseini, ambaye wote humwita Seini, yalianzia nyayoni, na hakuona aibu kusema.

Walifanyia mazoezi katika ukumbi wa shule wenye paa la bati, na mvua ya Suva ikishapiga bati hilo humsikii hata anayekupigia kelele sikioni. Kwa hiyo Avinesh alisimama ng'ambo ya wavu akaonyesha kwa mkono. Kona sita: mbili mbele, mbili ubavuni, mbili nyuma. Seini hukimbilia aliyoonyeshwa, hupiga hewa kana kwamba kinyoya, kile kipira chepesi cha manyoya, kipo, hurudi katikati, huruka kidogo, hungoja mkono. Asiyerudi katikati kashindwa.

Jumatano ile, kwenye mchujo wa timu ya Michezo ya Pasifiki, Talei alimtandika vibaya. Binti wa miaka kumi na tisa, na karibu kila kinyoya alikituma nyuma kushoto, na Seini kila mara alifika kachelewa. Ilibaki mechi moja tu, Jumamosi. Seini alikuwa na miaka ishirini na tisa. Michezo mingine ni baada ya miaka minne. Akishindwa, basi tena.

Alifika nyumbani, akafungua simu akatazama video za mazoezi. Akatazama ya Mei, akatazama ya Juni. Mkono wa Avinesh ulikwenda kona tano. Ya nyuma kushoto haukwenda hata siku moja. Akampigia.

"Avi, ile kona umeipeleka wapi?"

Avinesh akasema kwa sauti ndogo, "Niliona unavyokunja uso ukitua kule. Goti lako la kushoto, Seini. Nikasema nilipumzishe wiki mbili."

"Wiki mbili zimekuwa miezi miwili."

"Sikuweza kunyoosha mkono, mpenzi. Nilijaribu."

"Usiniite mpenzi. Umenipeleka vitani na mguu mmoja. Usinipigie tena."

Akalia mpaka kifua kikamuuma. Na katika kulia kwake kulikuwa na jambo jingine ambalo hakumwambia mtu.

Alhamisi alasiri Avinesh alikuja. Alikuwa amevaa lile shati jeupe, safari hii halina pasi, kashika fungu la mizizi ya yaqona, ile ya kinywaji cha heshima, limefungwa kwa gazeti. Aliketi chini karibu na mlango, kichwa kainamisha. Mtu anayeomba msamaha huja na mzee wa kumsemea. Yeye alikuja peke yake, akayakosea maneno, akaanza upya, akayakosea tena. Baba yake Seini alimwacha hapo mpaka chai ikapoa. Mwishowe akagusa lile fungu, akapiga makofi yake mazito matatu.

"Mimi nimepokea," alisema. "Lakini goti si langu."

Seini alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni. "Kesho asubuhi, ukumbini," alisema. "Unionyeshe kona zote."

Ijumaa mvua ilipiga bati. Avinesh akaonyesha mbele, ubavuni, nyuma kulia. Kisha akaushusha mkono. Seini akamkazia macho mpaka ukanyooka: nyuma kushoto. Akaruka, akapiga hewa, akatua. Goti likateguka kwa ndani, naye akaenda chini. Alijaribu kurudi katikati, akasogea hatua moja kwa mikono, akaishia hapo.

Avinesh alipita chini ya wavu akaketi naye pale pale konani, akalishika goti kwa mikono miwili. Alikuwa analia bila kujificha. Seini alimvuta, midomo sikioni, mvua isije ikameza maneno.

"Nilijua, Avi. Tangu Mei niliona mkono wako hauji. Goti lilikuwa linashukuru, nikanyamaza. Kisha lawama nikakutwika wewe peke yako."

"Seini..."

"Nipe simu."

Akaandikia wateuzi mwenyewe, mistari miwili: anajitoa, Talei aende. Alipobonyeza kutuma, akahisi kitu kimekatika zaidi ya goti, akafunika uso kwa ile fulana ya timu ambayo hataivaa.

"Talei hurudi katikati polepole," alisema hatimaye. "Ana wiki tatu kabla ya Michezo. Mfundishe wewe."

"Nitawezaje, na wewe uko hivi?"

"Utaweza. Nitakaa kwenye benchi nikihesabu. Ukimrukisha kona hata moja, siolewi nawe."

Avinesh akainua uso. "Sijakuuliza bado."

"Basi uliza. Nimechoka kungoja mkono wako."