Mstari wa Nne

Kila jioni, vyombo vikishaoshwa, Chiriku alikaa kwenye benchi la karakana ya baba yake, fundi umeme, akipiga naye soga. Tangu binamu yake ahamie kwao, benchi lilikaliwa na wawili, na sifa zikaenda kwa mmoja.

"Huyu mtoto ana kichwa!" baba alisema kila mara. Chiriku aliona wivu.

Wiki ile mwalimu wao alimchagua binamu aeleze mbele ya wazazi jedwali la ukweli, linaloonyesha lini sentensi ni kweli na lini ni uongo. Baba alimfungia kwenye kipande cha ubao swichi mbili na taa moja, yoyote ikiwashwa taa iwake. Binamu akaandika kwa penseli: "Swichi ya kwanza AU ya pili imewashwa." Chini yake akapanga mistari minne. Zote zimezimwa: UONGO. Ya kwanza peke yake: KWELI. Ya pili peke yake: KWELI. Zote mbili: KWELI.

Binamu alipokwenda kuoga, Chiriku alifuta neno la mwisho akaandika UONGO. Aumbuke tu, alijisemea, nafasi iwe yangu.

Asubuhi baba alilikagua jedwali. Fundi yule haamini karatasi mpaka ajaribu, hivyo alibonyeza swichi mstari kwa mstari. Kwenye wa nne taa iliwaka, ingawa paliandikwa UONGO.

"Mwanangu, mbona umekosea kitu chepesi?" alimuuliza binamu.

Binamu aliitazama karatasi, machozi yakimlengalenga. "Labda sijaelewa, Mjomba. Mwambie mwalimu achague mwingine."

Nafasi ndiyo hiyo, lakini Chiriku aliona aibu kuipokea.

"Baba, ni mimi niliyefuta," alisema. "Siku hizi ni yeye tu. Mimi basi tena!"

Baba aliweka koleo chini. "Umemkosea mwenzako, na utamwomba radhi. Ila kwanza washa swichi zote mbili."

Chiriku akaziwasha.

"Ya pili imeizima ya kwanza?"

"Hapana, Baba. Taa inawaka."

"Basi mwenzako akisifiwa, wewe huzimiki. Nawapenda wote wawili. Wivu umekufanya ufute jambo la kweli, na kidogo umnyang'anye mtu jasho lake."

Chiriku alimgeukia binamu yake. "Nisamehe. Nipe penseli nirekebishe."

Binamu alifuta machozi, akampa. "Liandike kubwa zaidi basi, wazazi watakaokaa nyuma nao waone."