Mshono Ndani ya Kisahani

Seli hazijipangi mstari. Mtafiti alilijua hilo kama anavyolijua jina la mama yake. Lakini asubuhi hiyo, chini ya darubini, seli za uvimbe wa ubongo alizozimwagia dawa jana zilikuwa hai, zimefuatana moja nyuma ya nyingine kama mshono wa pindo la gauni.

"Tena!" Akapiga meza kwa kiganja. Kila akiziua, zinafufuka. Na kaka yake, mwenye uvimbe wa aina ileile kichwani, hakubakiwa na tumaini jingine ila dawa hiyo.

"Mdogo wangu," kaka alimtania kwenye simu, "dawa yako bado iko chekechea?"

"Imerudia darasa."

Kaka akacheka. Mtafiti hakuweza.

Alipokata simu ndipo aliposikia: krrr, krrr. Mlio wa cherehani, ndani ya kabati la joto linalotunza seli. Akafungua. Harufu ya mafuta ya cherehani ikampiga usoni. Seli zile zilitoka kichwani mwa mwanamke mshonaji aliyekwisha kuzikwa. Hapo maabara walizilisha na kuzikuza, mwaka nenda mwaka rudi, kama kuku wa mayai.

Akampigia mama, akamsimulia yote kwa kunong'ona.

"Marehemu alikuwa na jini, mwanangu, nanyi mmelifuga," mama alisema. "Usiliguse! Ngoja nimlete mganga aliulize linataka kwenda wapi. Jini lisiloonyeshwa njia hujichagulia nyumba."

"Mama, nimechoka kubembeleza!"

Akavitoa visahani vyote vya seli hizo, akavimiminia klorini, na ile krrr ikapanda vidoleni, ikapita mifupani, ikatetemesha meno, harufu ikamjaa kooni, naye akazidi kumimina, akilia kwa hasira ya kazi yote iliyopotea, mpaka kabati likanyamaza.

Akaenda nyumbani mwepesi kama unyoya. Kesho angeanza na seli mpya.

Mama alisimama mlangoni mwa chumba cha kaka, mkono mdomoni.

"Umezimwaga?"

Kaka, ambaye hajawahi kushona hata kifungo, alilala chali, macho wazi, mguu wake ukikanyaga hewa, juu chini, juu chini. Chumba kizima kilinuka mafuta ya cherehani.

"Kule mlinibana kwenye kisahani," alisema kwa sauti ya kike, taratibu. "Huku kuna nafasi."