Chenga Kwenye Chaneli ya Mto

Huko Michigan, barafu ya mto inapoanza kupasuka, watu wa mtaa wa bondeni hawazimi televisheni. Chaneli ya mji ina kamera darajani, inaonyesha maji mchana kutwa. Wanda Przybyla hupika kabichi jicho moja kwenye sufuria, jicho moja kwenye mto.

Asubuhi moja picha ilikatika. Zikabaki chenga tupu, nyeupe, zinanguruma.

Mwiko ulimdondoka.

"Stanley! Kamera imesombwa!"

"Imesombwa na nini?"

"Na maji, we mzee! Daraja limekwenda!"

Stanley, mumewe, alijaribu kuinuka. Magoti yake mabovu, hatembei bila kushikwa. Wanda alimtazama. Maji yakiingia, atamtoa vipi huyu?

Alimpigia simu jirani yao Dolores, mpiga picha wa chaneli hiyo. Dolores alifika mbio.

"Daraja lipo, Bi Wanda. Nimetoka huko sasa hivi. Chaneli ndiyo imehama, leo imeingia dijitali. Televisheni yenu ya zamani inajua analojia tu."

"Kwa hiyo tumekuwa vipofu?"

"Mpaka mfunge king'amuzi. Kampuni ya kebo ilimpa kila mteja. Chenu kiko wapi?"

Stanley akacheka. "Muulize huyo. Alisema ni mtego wa kutuuzia filamu. Kiko chini ya kitanda."

"Nyamaza wewe!"

Dolores alikivuta, akakipangusa vumbi. "Waya wa ukutani unaingia hapa, kwenye king'amuzi. Huu wa pili unatoka hapa kwenda kwenye televisheni. Iache televisheni kwenye chaneli namba tatu. Chaneli utabadilisha kwa rimoti ya king'amuzi. Kisha pigia kampuni, wakifungulie."

Wanda alizifunga nyaya mwenyewe, akapiga simu. Wakangoja.

Picha ikaja. Hakuna aliyeshangilia. Tangu Dolores atoke darajani, mabonge ya barafu yalikuwa yameziba chini yake, na maji yanapanda. Maandishi yakapita: watu wa bondeni wahame sasa.

"Vaa koti," Wanda alimwambia mumewe.

Walimshika huku na huku hadi kwenye gari la Dolores. Gari lilipoondoka, Wanda aliona dirisha la mzee Havlik, ng'ambo ya barabara. Linameta jeupe.

"Simama! Yule bado anaangalia chenga."

Akashuka, akagonga mlango kwa ngumi. Kisha wa jirani yake. Kisha wa pili yake.

Jioni maji yalifika juu ya meza za jikoni, mtaa mzima. Hayakumkuta mtu.