Mate ya Mtu Mmoja

Sila alikufa ameketi. Mgongo ulikuwa umeegemea ukuta wa nyumba ya kaka yake, povu limekauka kidevuni, kata ya kunywea pombe ipo mapajani.

Inspekta Khairat Halfani alivaa glavu, akaichukua ile kata na kuitia kwenye mfuko wa karatasi. Nyuma yake watu wa kijiji cha Mkonze walikuwa wamekwisha kutoa hukumu.

"Mkewe ndiye aliyepika pombe!"

"Mtoeni tumchome!"

Khairat alimsukumia Anyesi, mjane wa Sila, ndani ya Land Rover huku mawe yakigonga bodi. Kwenye karatasi alimkamata. Kwa kweli alimficha.

Uchunguzi ulionyesha sumu: dawa ya kuogeshea ng'ombe. Ilikuwa ndani ya kata. Chungu cha pombe kilikuwa safi.

Obedi, kaka wa marehemu, alitoa maelezo, na sampuli ya mate, bila kusita.

"Mimi ndiye niliyekuwa mwenyeji, afande. Mwenyeji huonja kwanza, mgeni aone hakuna ubaya. Nilionja, nikampa. Shemeji akaja kumwongezea. Alipoondoka tu, mdogo wangu akaanza kutetemeka."

Kila mtu alimwamini. Desturi hiyo hakuna aliyewahi kuichezea.

Wiki zikapita. Huko mahabusu, Anyesi alishtuka kila komeo lilipolia.

"Kibali cha mahakama cha kukushikilia kinaisha leo. Kesho sheria inanilazimu nikuachie," Khairat alimwambia.

"Nikienda nyumbani watanichoma."

"Najua."

"Basi nifungulie kesi nyingine, afande. Sema nimeiba kuku."

Khairat alichungulia dirishani. Kituo kizima kilikuwa na askari wachache, na nje ya uzio watu walikuwa wameanza kukusanyika tangu asubuhi, kimya, wakitazama mlango.

Simu ikalia. Alikuwa Hana, mkemia aliyechunguza kata.

"Majibu ya vinasaba yamekuja."

"Si ulisema mate yalikauka, hayatoshi?"

"Hayakutosha kwa mashine zetu. Zetu hutaka vinasaba vizidishwe kwanza, nakala kwa nakala, ndipo zione kitu. Mwalimu wangu huko nje ya nchi anajaribu mashine nyingine, nikampelekea sampuli. Inasoma molekuli moja moja. Kila herufi ya kinasaba inaponasa, kinawaka kimulimuli kidogo, na kamera inakiona. Mtu akigusisha mdomo tu, inamjua. Hata ndugu wa tumbo moja inawatenganisha."

"Imemwona nani?"

Hana alimwambia. Khairat aliweka simu chini taratibu.

Sajini Matonya alimleta Obedi, akamkalisha mbele ya meza. Anyesi alisimama pembeni, ameshika ukuta.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Nikumbushe. Uliionja pombe?"

"Niliionja."

"Midomo yako iligusa ukingo wa kata?"

"Nitaonjaje bila kugusa? Kwa pua?"

"Jibu, mzee," Matonya alinguruma.

"Iligusa!"

"Vinasaba vyako vimo kwenye mpini, ulipoishika," Khairat alisema. "Kwenye ukingo kuna mate ya mtu mmoja. Sila. Mashine inayoona molekuli moja imetafuta ya kwako ukingo mzima. Hakuna."

Khairat akasogeza kiti karibu naye.

"Mwenyeji gani haonji, mzee? Ni yule anayejua kilichomo."

Nje mtu alipiga kelele.

"Niliinua kata tu," Obedi alisema mwishowe. "Nikaiinamisha karibu na mdomo. Dawa nilikuwa nimeipaka ndani mapema. Sila hata hakunitazama. Nani humtazama kaka yake akionja?"

"Kwa nini?"

"Aliuza shamba la nyuma. Wanajenga nyumba ya wageni. Kaburi la mama yetu limo humo, afande. Nilimsihi. Akaniambia zama hizi ni za biashara, mama ataelewa. Greda likapita juu yake, mimi nikitazama."

Anyesi alisogea hatua moja.

"Na mimi, shemeji? Ungewaacha wanichome?"

Obedi hakumwangalia.

"Watu wa kijiji wako nje, wanamngoja," Khairat alisema. "Mwombe radhi huyu mama. Angalau yeye."

Ndipo Obedi alipoinua uso. Macho yalikuwa makavu.

"Siku wapima ardhi walipokuja, nani aliwapikia chai? Wakaketi wapi kuinywa? Juu ya mawe ya kaburi. Na huyu akawaongezea sukari." Alinyoosha mikono kungoja pingu. "Siombi radhi. Si kwake, wala kwa Sila."