Kopo Lililosahaulika Kisimani

Kila asubuhi, kabla jua halijaanza ukali wake, Akal alichukua mtungi wa manjano na kata ya kuchotea, akateremka kwenye laga, yaani mto mkavu. Mto Tarach, unaopita kando ya mji wa Kakuma, huonekana na maji siku chache tu kwa mwaka. Siku nyingine zote ni mchanga mtupu. Lakini anayejua kuchimba huyakuta maji huko chini, baridi na matamu, na bibi yake Akal alijua kuchimba kuliko watu wote wa mtaa wao.

Akal alimwita bibi huyo Ata, kama watoto wa Kiturkana wanavyowaita bibi zao. Ata alikuwa mwembamba, mwenye shanga tele shingoni na maneno machache mdomoni. Mwezi wa Januari mwaka 2013, pampu ya maji ya mtaani ilipoharibika na fundi akawa haonekani, yeye hakukaa kulalamika. Alichukua sepetu na karai, akachimba mchangani kwa siku nne mpaka kisima kikapita kimo chake. Kuta alizishikiza kwa matawi ya mgunga, akaacha ngazi ya mchanga upande mmoja. Kwa desturi yao, kisima cha namna hiyo ni cha aliyekichimba. Mwingine akitaka maji, huomba kwanza.

Sheria ya Ata ilikuwa moja tu, na aliirudia mpaka Akal akaikariri kama shairi la shuleni. "Chota maji yaliyokuja yenyewe. Kata ikigusa mchanga, acha. Panda juu, ungojee. Usikwangue chini, maana mchanga wa chini ndio unaobeba ukuta."

Kungojea huko ndiko kulikomchosha Akal. Alikuwa na miaka kumi na miwili na miguu isiyotulia. Darasa zima la sita lilijua hivyo. Bahati yake, alikuwa na mwenzake wa kungojea naye. Nyabol, aliyekaa naye dawati moja, alifika kambini mwaka uliotangulia pamoja na mama yake, Adeng, wakikimbia mapigano huko Sudan Kusini. Nyumba yao ilikuwa pembeni kabisa mwa kambi ya wakimbizi, karibu na laga, na siku nyingine mfereji wa kambini ulifungwa kabla foleni haijawafikia. Akal ndiye aliyemwombea kwa Ata. Ata alimtazama yule msichana mrefu kuanzia utosini hadi miguuni, akasema sawa, mtungi mmoja kwa siku, na sheria ni ile ile.

Tangu siku hiyo Nyabol hakuwahi kuondoka kisimani bila kusema "alakara", asante ya Kiturkana aliyofundishwa na Akal. Aliitamka vibaya kila siku, na kila siku Ata alicheka akiwa amegeuza uso ili asionekane.

Basi ikafika Jumatano moja ya mwezi wa Februari. Mwalimu Ekuru, mwalimu wa michezo, alitangaza kwamba saa kumi na moja jioni angechagua wasichana wa kwenda kukimbia Lodwar siku ya Jumamosi. Akal hakuwa amewahi kufika Lodwar. Alisikia tu kwamba kuna maduka marefu, na mto Turkwel wenye maji ya kuonekana kwa macho. Alitaka kwenda mpaka akashindwa kula chakula cha mchana.

Lakini nyumbani mama yake alikuwa amejifungua siku tisa tu zilizopita, na kazi ya Akal baada ya masomo ilikuwa kujaza mtungi tena. Alishuka kisimani peke yake, mbiombio. Alichota, akachota, kisha kata ikagusa mchanga. Mtungi haukuwa umefika hata nusu.

Akal alitazama juu. Jua lilikuwa linashuka bila kumwonea huruma. Kando yake lilikuwepo kopo lake la kunywea, kopo kuukuu la maziwa ya unga ambalo alikuwa amelichora jina lake kwa msumari. Alilishika kopo lile akaanza kukwangua chini, pale pale kwenye kitako cha ukuta. Maji yakaja haraka. Yalikuwa na matope kidogo, lakini yalikuja. Alijiambia kwamba ni mara moja tu. Mtungi ulipojaa alipanda ngazi, akaupeleka nyumbani, akatimka kwenda uwanjani. Na tuseme ukweli, alikimbia vizuri ajabu. Mwalimu Ekuru aliandika jina lake kabla ya mengine yote.

Asubuhi ya Alhamisi hapakuwa na kisima. Palikuwa na shimo lililofukiwa na mchanga, na matawi ya mgunga yametokeza kama mbavu za ng'ombe aliyekufa kwa ukame. Namshukuru Mungu, na Ata alimshukuru pia, kwamba hakuna mtu aliyekuwa ndani ukuta ulipoanguka.

Ethuro, jirani yao mwenye mbuzi, alisema kwamba jana yake magharibi alimwona yule msichana wa kambini akitoka kisimani kwa haraka, na mtungi wake mkononi. Ata aling'oa tawi moja la mgunga mchangani, akalitupa kando. Kisha akasema kwamba kosa ni lake mwenyewe, kwa kuwaachia kisima watu wasiojua mchanga.

"Mwambie mwenzako," alimwambia Akal, "asikanyage hapa tena."

Akal aliitikia kwa kichwa, akaokota mtungi wake. Alijaribu kujiambia kwamba labda kweli ni Nyabol aliyeangusha ukuta. Yeye mwenyewe hakuliamini hilo.

Shuleni habari ilikuwa imemtangulia. Watoto wawili watatu walimwita Nyabol mvunja kisima. Nyabol alikaa kwenye dawati lao kama kawaida, akafungua daftari, akachonga penseli. Akal aliandika siku nzima bila kuinua macho, na hata leo ukimuuliza alichojifunza darasani siku ile hatakumbuka neno.

Alasiri yeye na Ata walitembea mbali, kwenye visima vya wafugaji, na huko wakangoja mpaka ngamia wamalize kunywa. Walirudi na maji kidogo mno. Mama alimimina kikombe kimoja akampa Ata, akasema yeye hana kiu. Midomo yake ilikuwa imepasuka. Mtoto mchanga alinyonya, akaachia, akalia, akanyonya tena, akalia. Mama asiyekunywa maji hawezi kuwa na maziwa ya kutosha, na hilo Akal alilijua vizuri.

Jua lilipokuwa linaelekea kuzama, Nyabol alisimama kwenye ua wao wa miiba. Kichwani alikuwa na mtungi uliojaa maji pomoni. Hakuingia. Akal alitoka kumlaki.

"Leo tuliwahi foleni, tukapata mitungi mbili," Nyabol alisema. "Mama amesema hii moja ni ya mtoto na mama yake."

Akal alimsaidia kuuteremsha. Kisha Nyabol akatoa kitu ndani ya kitambaa alichojifunga kiunoni. Lilikuwa kopo.

"Na hii ni yako. Nilikuta hapo chini, jana. Nikaona mchanga inaanguka polepole, nikaogopa, nikatoka haraka. Sikuchota hata kidogo."

Akal alilipokea kopo kwa mikono miwili. Alimuuliza kwa sauti ndogo kwa nini hakuwaambia watu.

"Ningesema, nani angeniamini?" Nyabol aliinua mabega. "Na tena, wakati nilikuwa sina maji, ni wewe uliniombea. Mimi sijasahau." Akageuka akaenda zake, mrefu na mwenye haraka, kabla giza halijamkuta njiani.

Ndani ya nyumba Mama alikunywa kikombe cha kwanza kwa pumzi moja, na cha pili taratibu, macho yamefumbwa. Alipouliza maji yametoka wapi na kuambiwa, machozi yalimlengalenga. Alimshika mtoto vizuri, akamwomba Mungu amzidishie Nyabol na mama yake, watu ambao wana kidogo na bado wanagawa. Mtoto alinyonya, na safari hii hakulia.

Dua ile ndiyo iliyomshinda Akal. Angeweza kuvumilia kiboko, lakini si shukrani ile. Alikwenda akapiga magoti mbele ya Ata.

"Ata, kisima nimekiangusha mimi. Nilikwangua chini kwa kopo hili. Nilitaka kuwahi mbio."

Ata hakumpiga wala hakupaza sauti. Alilichukua kopo akaligeuzageuza. Hakujua kusoma, lakini kidole chake kilipapasa ile michoro ya msumari.

"Hapa pameandikwa nini?"

"Jina langu, Ata."

Ata aliliweka kopo chini taratibu. Kisha akainuka, akachukua fimbo yake, akamwambia Akal amimine maji ya Nyabol katika chombo chao, kisha abebe ule mtungi mtupu warudishe kwa wenyewe.

Kwa miaka ishirini Ata alikuwa akiiona kambi ile kwa mbali, na hakuwahi kuingia ndani. Jioni hiyo aliingia, akipita katikati ya nyumba za udongo na mabati huku watu wakimtazama. Adeng alikuwa anakoroga uji nje ya nyumba yake. Ata hakusubiri kukaribishwa. Alisema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, "Mimi nimekosa. Mtoto yako haina makosa. Mtoto yangu ndio iko na makosa. Na mimi, mtu mzima, nilisema bila kuuliza."

Adeng aliweka mwiko chini. Aliingia ndani akatoka na kikombe cha maji.

"Kaa, mama," alisema. "Kunywa kwanza."

Ata alikaa, akanywa. Akal alimwomba Nyabol msamaha pale pale, huku akilia bila kujizuia, na kesho yake asubuhi alisimama mbele ya darasa akalieleza jambo zima kuanzia kopo hadi uongo wa kunyamaza. Hakuna aliyecheka. Kisha akamwendea Mwalimu Ekuru, akamwomba ampe nafasi yake ya Lodwar msichana anayefuata, kwa sababu Jumamosi angekuwa anachimba. Mwalimu alimtazama sana, akakata jina lake, akampa mkono kama anavyopewa mtu mzima.

Siku ya Ijumaa baada ya masomo, na Jumamosi kutwa, walichimba. Ata alionyesha mahali, hatua chache kutoka kile cha zamani. Adeng alichimba kwa nguvu kama wanaume wawili. Akal na Nyabol walipokezana karai za mchanga mpaka mikono ikawauma. Ethuro naye alikuja akiburuta matawi mapya ya mgunga, akamsalimu Nyabol "ejok" mara tatu, maana hakujua aanzie wapi kuomba radhi. Jumamosi asubuhi gari la shule lilipita barabarani likielekea Lodwar, wasichana wakiimba. Akal alisimama shimoni akasikiliza mpaka sauti zikapotea. Alilia kidogo, akajifuta, akajaza karai nyingine.

Alasiri mchanga ulianza kuwa mweusi. Halafu ukaanza kung'aa. Kisha maji yakajaa polepole katikati ya shimo, safi, ya kutosha kata moja.

Kwa desturi, maji ya kwanza hunywewa na mwenye kisima. Wote walimtazama Ata. Ata aliipokea kata, akaishika kwa muda, kisha akamnyooshea Nyabol.

"Kunywa wewe," alisema, na Akal akatafsiri. Halafu Ata akamgeukia mjukuu wake. "Akal, maji haya si ya mtungi wako peke yake. Ukikwangua ya kesho ili yakutoshe leo, kuna mtu atakosa, na safari hii tuliokosa tulikuwa sisi wenyewe, mpaka yule mtoto mchanga aliyezaliwa juzi. Hilo ni kosa moja. La pili ni kunyamaza. Kisima tumekichimba upya kwa siku mbili. Jina la mwenzako lingesafishika kwa siku ngapi, kama hungesema? Na mimi nimepata langu la kujifunza. Nilimhukumu mtoto kwa sababu ni mgeni, na mgeni huyo ndiye aliyetunywesha. Tumshukuru Mungu kwa maji, na tuwashukuru watu kwa midomo yetu, wakiwa hai na wakitusikia."

Nyabol alikunywa nusu ya kata. Nusu nyingine akampa Akal.

"Alakara," Akal alisema. Alitaka kuongeza maneno mengine lakini hayakuhitajika, na Nyabol alikuwa tayari anacheka, kwa kuwa kwa mara ya kwanza yeye ndiye aliyekuwa akishukuriwa kwa neno lile.

Kopo lenye jina la msumari walilitundika kwenye tawi mdomoni mwa kisima, ili kila mpita njia mwenye kiu apate cha kunywea. Kisha Akal akashuka kuanza mtungi wa Mama. Alichota mara chache, kata ikagusa mchanga. Aliacha. Alipanda juu, akaketi ukingoni bega kwa bega na Nyabol, miguu yao ikining'inia.

Ata aliwatazama kwa pembe ya jicho, akamuuliza mjukuu wake kama kungojea hakumchoshi tena.

"La, Ata," Akal alisema. "Yanakuja."