Paka Alipata Siti

"Mnaenda wapi?" niliuliza.

Hakuna aliyejibu. Walikuwa wameketi kwenye korido ya nyumba yao, wote watatu, makoti yamefungwa vifungo mpaka shingoni, na nje jua la mwisho wa Aprili linawaka. Arkadi Semenovich, baba mkwe wangu mtarajiwa, mkubwa wa ofisi fulani pale Kyiv, alikuwa amekalia sanduku la nguo. Mkewe Nonna Pavlivna alikuwa kwenye kiti cha kuvalia viatu. Na Rostik wangu, mwanamume ambaye wiki ileile tulikuwa twende kwa msajili wa ndoa, alikaa kwenye kigoda, kapakata kikapu chenye paka.

"Hatuendi popote, Larisa," alisema Nonna Pavlivna. "Tunapumzika."

"Na makoti?"

"Kuna baridi."

"Na paka?"

Paka mwenyewe akalia.

Kwetu, mtu akiwa na safari ndefu, nyumba nzima inaketi kwanza. Mnakaa kimya kidogo, hakuna anayesema neno, kisha anayesafiri anainuka na kuondoka kwa heri. Tajiri anafanya hivyo na maskini anafanya hivyo. Kwa hiyo Nonna Pavlivna angeweza kunipangia maneno mpaka jioni, lakini watu watatu waliokaa kimya na makoti mwilini walikuwa wameshaniambia kila kitu. Mimi kwapani nilikuwa na kitambaa cha harusi nilichokidarizi mwenyewe kwa uzi mwekundu, kile ambacho bwana na bibi harusi husimama juu yake. Nilikuja kumwonyesha mama mkwe. Mjinga mimi.

Rostik alimkabidhi baba yake kikapu, akanishika kiwiko, akanitoa nje mpaka kwenye ngazi.

"Mtambo wa nyuklia wa Chernobyl umelipuka," alisema kwa sauti ya chini. "Upepo unageukia huku. Baba kaambiwa ofisini. Usimwambie mtu, watu watachanganyikiwa."

"Umelipuka lini?"

"Jumamosi."

Nikamtazama. Jumapili tulikuwa wote ufukweni mwa mto. Bwana huyu alikuja na kofia na koti la mvua kwenye jua kali, akajibanza chini ya paa la kibanda cha aiskrimu, akakataa kutoka. Mimi nikajilaza kwenye mchanga na gauni jepesi, nywele nimeziachia, namtania kwamba anaogopa jua kuliko bibi kizee. Naye akawa anacheka. Alikaa pale kivulini akanitazama nikigaragara kwenye vumbi, akacheka.

"Jumapili ulikuwa unajua," nilimwambia.

"Ulikuwa na furaha, Larisa. Sikutaka kukuharibia siku."

"Rostik, nina mimba yako."

"Ndiyo maana nakuambia usijichoshe."

"Nichukueni."

"Gari limejaa."

"Mna paka."

"Paka ni wa mama," alisema, na kwa sauti yake ulijua kwamba kwake mjadala umeisha.

Kisha akaniambia la mwisho, na hili ndilo lililonimaliza. Kesho ilikuwa Mei Mosi. Saluni niliyokuwa nafanya kazi ya kutengeneza nywele ilikuwa imepangwa safu ya mbele kwenye maandamano, baba yake kapanga mwenyewe. Akaniomba nisikose, kwa sababu nikikosa watu wataanza kuuliza habari za familia yao.

Kutoka ndani mama yake akaita.

"Rostik, rudi. Huyo msichana katukatiza. Inabidi tuketi upya."

Akanibusu kwenye paji la uso, haraka, kisha akajifuta midomo kwa mkono wa koti. Mlango ukafungwa. Nikasikia kiti kikilia, halafu kimya. Walikuwa wanaketi upya ili nisiwaharibie safari.

Nilirudi kwangu nikiwa nimejifunika kichwa kwa kitambaa cha harusi. Nilipanga chumba kwenye nyumba ya watu wengi, jiko moja, simu moja kwenye korido, na jirani wa mlango wa kwanza ni Bibi Fenya, mzee aliyemaliza vita na njaa na waume wawili. Niliingia jikoni nikawaambia wote waliokuwepo. Rostik aliniomba nisiseme, basi nikasema na sufuria zikaacha kugongwa.

Zakhar, mpiga tarumbeta wa chumba cha mwisho, akanicheka. Kama ingekuwa kweli redio ingesema. Tena alikuwa na gwaride kesho, sare kaipiga pasi. Bibi Fenya hakucheka.

"Nani kakwambia?" aliuliza.

"Rostik."

"Na yeye yuko wapi?"

"Ameondoka."

"Basi ni kweli," alisema. "Matambara yapo? Tunaanzia dirisha lipi?"

Shuleni wote tulifundishwa somo la ulinzi wa raia, lile tulilokuwa tunasinzia. Kumbe kuna kitu kiliingia. Adui ni vumbi. Funga madirisha, ziba nyufa kwa kitambaa kilicholowa, viatu viache mlangoni na uvifute, deki sakafu kwa maji kila siku wala usifagie, usinywe maziwa, usile mboga mbichi za sokoni. Matambara yalipotuishia nilichukua kitambaa changu cha harusi, nikakichovya kwenye ndoo, nikakisokomeza chini ya dirisha linalotazama barabara. Kikakaa vizuri kuliko matambara yote.

Nywele zangu zilikuwa zinafika kiunoni, na zilikuwa zimelala kwenye ule mchanga Jumapili nzima. Nilimpa Bibi Fenya mkasi wangu wa kazini.

"Una uhakika?" aliuliza. "Bibi harusi na nywele fupi?"

"Bibi harusi wa nani?"

Akakata.

Mei Mosi bendi ilipita chini ya dirisha letu. Niliwaona kupitia kioo, watoto wana mashati meupe na bendera za karatasi, wenzangu wa saluni safu ya mbele, na Zakhar kavimbisha mashavu anapuliza. Kwenye jukwaa la wakubwa, ng'ambo ya barabara, baba mkwe hakuwepo, wala sikuona mtoto wa mkubwa yeyote niliyemfahamu. Nililia pale dirishani, lakini zaidi nilikuwa na hasira. Waliotuandalia sherehe walikuwa wameshakimbia na paka wao.

Redio ilipokuja kusema, ikasema kidogo kwa aibu, na mji mzima ukageuka daktari. Ikavuma kwamba mvinyo mwekundu unasafisha mionzi mwilini, na wanaume ambao hawajawahi kusafisha hata kikombe wakawa wanajisafisha asubuhi mpaka jioni. Zakhar alijisafisha mpaka akalala kwenye ngazi. Kesho yake akasikia kwamba iodini ndiyo kinga, akanywa ile ya kahawia ya kupaka kwenye vidonda, ikamuunguza koo. Tarumbeta ikapumzika, na sisi pia.

Ndipo simu ya korido ikalia. Ilikuwa ya mbali, inakoroma. Milango yote ikafunguka kidogo, maana simu ya mtu mmoja pale ilikuwa ya wote.

"Larisa, binti yangu," ilisema sauti ya Nonna Pavlivna. Binti yake, leo. "Nazungumza kama mama. Sisi tuko huku baharini, salama. Nimefikiria hali yako. Hospitali zote zinawasaidia wanawake sasa hivi, hawaulizi maswali. Nenda ukaitoe hiyo mimba."

"Rostik yuko wapi?"

"Yuko hapa kando yangu. Anatikisa kichwa kukubali."

"Mpe simu."

"Koo linamuuma."

"Rostik," nilisema kwa nguvu, kwa sababu nilijua anasikia. "Sema mwenyewe. Sema neno moja tu na mimi nitajua."

Nilisubiri. Nilisikia bahari, au labda ni ile simu tu. Nilisikia mtu akikohoa kikohozi nilichokuwa nakijua, kisha sauti ya mama ikarudi.

"Usimsumbue, Larisa. Yeye bado kijana. Atazaa na mwingine, mtoto mzima."

Bibi Fenya aliniondolea simu mkononi, akaiweka sikioni kwake.

"Nani huyo?" aliuliza Nonna Pavlivna, mpaka mimi nilimsikia.

"Hapa ni mochari," alijibu Bibi Fenya. "Umekosea namba, mama. Lakini subiri, zamu yako inakuja."

Akakata simu.

Nisidanganye, niliogopa. Hata daktari wa kliniki aliniambia hivyohivyo, bila kuniangalia usoni. Kila mwanamke niliyemkuta kwenye benchi pale alikuwa ameshika tumbo, na wengine walitoka wakiwa hawalishiki tena. Niliondoka kabla jina langu halijaitwa. Nilitaka kuzaa mtoto wangu, basi. Sikutaka kumuua kwa sababu watu wawili walioko baharini wanaona aibu kumtazama.

Bibi Fenya alikuwa na dada yake Poltava, mashariki, ambako upepo haukuelekea. Stesheni ya treni watu walikuwa wanapitisha watoto madirishani. Bibi Fenya mwenyewe hakutaka kwenda, akasema huo ugomvi wa nani apande kwanza alishaumaliza wakati wa vita. Asubuhi ya safari nikavaa koti, nikafunga kilemba kilicholowa, akanivutia kigoda jikoni.

"Keti," alisema.

Tukaketi sisi wawili, ndoo ya maji katikati yetu. Hakuna aliyesema neno. Kisha akainuka, akanifungia kifungo cha koti.

"Na sakafu?" nilimuuliza. Kila asubuhi, tangu ile siku ya kwanza, alideki korido na jiko kabla hajanywa hata chai.

"Leo sideki mpaka nisikie umefika."

"Vumbi, Bibi Fenya."

"Vumbi nitalivumilia. Unataka nikuoshee nyayo zako, usirudi?"

Maana hilo nalo ni letu. Mtu akitoka, hudeki nyuma yake mpaka afike anakokwenda. Ukideki, umemfuta, na mlango huo hauoni tena. Mzee yule, aliyekuwa anapiga kelele mtu akiingia na kiatu, alikaa na lile vumbi la watu mpaka telegramu yangu ilipomfikia: NIMEFIKA. DEKI.

Mwanangu alizaliwa majira ya baridi yalipokuwa yanaanza. Ni msichana. Nilimgeuza huku na huku, nikamkagua vidole na masikio kama mtu anayekagua kuku sokoni, mkunga akanicheka. Mzima. Daktari alisema hawezi kuniahidi ya miaka ijayo, nami nikamwambia hakuna mama aliyeahidiwa hayo. Nikampa jina la Fenya, nikarudi naye Kyiv.

Rostik alikuja theluji ikiwa imeshika. Kofia ya manyoya, machungwa kwenye mfuko, mwanasesere kwapani. Zakhar ndiye aliyemfungulia, akabaki amesimama pale kutazama.

"Nywele zako," ndilo neno lake la kwanza.

"Futa viatu," ndilo langu.

Akafuta, kwenye tambara lililolowa, kama sisi wote. Nikamwingiza jikoni. Alimtazama mtoto kwa muda mrefu, na nitakuwa mwongo nikisema macho yake hayakulowa. Kisha akaanza. Baba kastaafishwa. Mama amezeeka ghafla, anataka kumwona mjukuu. Yeye hajalala vizuri tangu siku ile. Kwenye simu alitaka kusema, mama alimshika mkono.

"Mama yako ana nguvu sana," nilisema.

"Nilikuwa mwoga, Larisa."

"Hilo nililiona. Na sasa?"

"Sasa yamepita. Mtoto ni mzima." Akatabasamu lile tabasamu lililoniponza zamani. "Twende kwa msajili. Kile kitambaa ulichodarizi bado unacho? Tutasimama juu yake."

Angalia mtu huyu. Alisubiri mpaka mtoto azaliwe, akaguliwe, aonekane hana kasoro, ndipo akaja na machungwa.

"Kitambaa kilikaa dirishani kunywa vumbi lile ulilolikimbia," nilimwambia. "Kimezikwa na takataka."

"Nitakununulia kingine."

"Angekuwa na kasoro, Rostik, ungekuja?"

Akafungua mdomo. Nilimsubiri, kama nilivyomsubiri kwenye simu. Akaufunga.

"Keti," nilisema.

Akakaa kwenye kigoda upesi, kwa furaha, akidhani anaandaliwa chai. Bibi Fenya alifuta mikono, akaketi. Mimi nikaketi na mtoto. Hata Zakhar aliegemea mlangoni, akaketi chini. Hakuna aliyesema neno.

"Tunamsubiri nani?" aliuliza Rostik.

Alimtazama Bibi Fenya, akanitazama mimi, akatazama koti lake ambalo hakuna mtu aliyemwambia alivue. Naye ni mtu wa Kyiv. Nikaona tabasamu likimtoka usoni taratibu.

"Larisa, mimi siendi popote."

"Unaenda," nilisema, nikainuka. "Safari yako njema."

Naye akainuka. Kisha akaacha machungwa mezani, akapita korido akiwa ameinama, akatoka. Nilisikia hatua zake zikishuka ngazi polepole, za mtu anayengoja kuitwa.

Bibi Fenya alikuwa ameshajaza ndoo. Alinyoosha mikono kuchukua mtoto, akanipa tambara. Nililichovya, nikalikamua kwa nguvu, maji yakasikika mpaka kwenye ngazi. Hatua zikasimama.

"Larisa," aliita kutoka chini. Sauti ilikuwa ya kuomba. "Larisa, usideki."

Nikapiga magoti, nikaanzia pale pale kwenye kigoda alipokaa, nikadeki mpaka mlangoni.