Mwalimu Asiye na Darasa

Kila asubuhi Kiranja wa darasa la sita alifika shuleni mapema, akafagia, akafuta ubao, kisha akasimama mlangoni kumpokea mwalimu mkoba. Sasa mwalimu huyo alikuwa mama yake mdogo na waliishi nyumba moja, lakini shuleni msichana huyo alimwita Mwalimu kama wenzake.

Tatizo ni kwamba hakuna aliyejua mama mdogo angeamkia darasa lipi. Mwalimu mkuu, ambaye wanafunzi walimwita Panga Pangua, alikuwa na ugonjwa wa kuhamisha walimu. Mzazi mmoja akinung'unika, mwalimu anahamishwa. Mgeni akitarajiwa, anahamishwa. Mkuu mwenyewe akiamka vibaya, watu wanabandua chati zao ukutani. Huo ndio aliouita uongozi. Mtoto anayehamishahamisha sufuria bila kupika huambiwa atoke jikoni. Yeye alipewa ofisi yenye pazia.

Mama mdogo alianza mwaka na darasa la kwanza, akapelekwa la saba, akarudishwa la tano, sasa la sita. Jioni aliandaa somo, asubuhi likakosa wa kufundishwa. Nyumbani alikaa kitini na viatu miguuni, chakula kikapoa mbele yake.

"Kula basi, mdogo wangu," mama yake Kiranja alimsihi.

"Nitakula, dada. Ngoja kwanza nikumbuke kesho niko wapi."

Siku moja, katikati ya hesabu za sehemu, aliwageukia wanafunzi wa darasa la sita akasema, "Haya, wote pamoja: a, e, i, o, u." Darasa zima likaangua kicheko. Mama mdogo aliutazama ubao, akaweka chaki chini, akaketi. Machozi yakamtoka. Kiranja naye alikuwa akicheka, lakini alipoyaona machozi hayo aliona aibu.

Kelele zilimleta Panga Pangua, viatu vikimetameta na funguo zikilia mfukoni. Hakuuliza mwalimu ana nini. Alimwita Kiranja ofisini.

"Kesho kamati ya wazazi inakutana. Huyu mvivu nataka aondoke. Wewe utasema huwa analala darasani. Ukisema vizuri, nitakufanya kiranja mkuu. Tumeelewana?"

"Ndiyo, Mwalimu," Kiranja akajibu, kwa maana cheo hicho alikitamani tangu darasa la nne. Panga Pangua hakujua hata kwamba alikuwa akizungumza na mtoto wa dada yake mwalimu huyo. Lakini mtu asiyejua walimu wake atawajuaje wanafunzi?

Kesho yake mwenyekiti wa kamati, bibi mmoja muuguzi mstaafu, aliuliza, "Kabla mtoto hajasema, huyu mwalimu anafundisha darasa lipi?"

"La tano," Panga Pangua alijibu bila kupepesa macho.

Kiranja alikuwa amesimama pale, uongo wake tayari mdomoni. Kumbe mkuu hakujua hata alikompeleka mwalimu aliyetaka afukuzwe! Alimdharau. Akajidharau zaidi yeye mwenyewe kwa kukitamani cheo cha mtu kama huyo.

"Si la tano, Mwalimu. Ni la sita. Ulimhamisha Jumatatu," alisema. "Na halali darasani. Wewe ndiye uliyeniambia niseme hivyo ili unipe ukiranja mkuu."

Panga Pangua alikohoa, akacheka, akasema watoto wa siku hizi wanaota mchana. Hakuna aliyecheka naye.

Kamati iliamua kumshtaki kwa afisa elimu. Mama mdogo alipewa wiki moja ya kupumzika, kisha arudi darasa la sita na abaki huko hadi mwisho wa mwaka.

Kikao kilipokwisha, muuguzi alimshika Kiranja bega.

"Mjukuu wangu, uchovu si uvivu. Mtu mwenye bidii akivurugiwa kazi kila siku, akili yake huchoka kama mwili unavyochoka, na dawa yake ni kupumzika na kuachwa afanye kazi yake. Waeleze hivyo wenzako waliomcheka."

"Nitawaeleza, bibi. Nami nilicheka."

"Basi anza na wewe. Na cheo unachopewa ili useme uongo, mwachie aliyekupa. Kinamfaa yeye."